Mmishenari Anapofika Boma: Mwongozo kwa Anayekuja Kajiado na kwa Anayempokea

Kitengela ni mji wa maduka ya jumla, matatu zenye makelele na ghorofa zinazoongezeka kila mwaka kando ya barabara ya Namanga. Sensa ya 2019 iliwakuta hapo watu zaidi ya 150,000. Lakini ukipita Isinya kisha ukaiacha lami, mji unakwisha. Mbele yako kuna nyika, migunga na seng'enge, boma moja hapa na jingine mbali kule. Mmishenari anayehudumu vijiji vya Kajiado mara nyingi hupanga nyumba mjini, kwenye umeme na soko, na kazi yake iko huko ndani ambako gari dogo halifiki mvua ikinyesha.

Makala hii inaeleza maisha yake ya kila siku: karatasi, maji, safari, salamu, chakula, pesa na watoto. Imeandikiwa watu wawili. Wa kwanza ni Mkristo anayejiandaa kuja, awe anatoka Korea, Marekani, Nigeria au Nyeri, kwa maana hata Mkenya wa kaunti nyingine ni mgeni mbele ya wazee wa Kimaasai wa Matapato au Kaputiei. Wa pili ni mzee wa kanisa, katekista au mama wa ushirika aliyeambiwa kwamba mwezi ujao kuna mgeni anakuja kukaa. Huyu wa pili husahaulika anapoandikwa mwongozo wa namna hii, na kwa maoni yangu ndiye mwenye haja zaidi ya kuyajua mambo haya, kwa sababu matokeo ya ziara atabaki nayo yeye.

Naweka msimamo wangu wazi mapema. Mmishenari anafaa Kajiado kwa kadiri anavyokaa, anavyosikiliza na anavyokubali kuwa chini ya kanisa la wenyeji. Gari, mradi na fedha za wafadhili vinafuata nyuma ya hayo.

Waliotangulia

Mgeni asidhani anafika mahali ambapo Injili haijasikika. Ludwig Krapf, aliyetua Mombasa mwaka 1844, alichapisha msamiati wa lugha ya Kimaa mwaka 1854. Shirika la Africa Inland Mission lilianza kazi Kenya mwaka 1895 chini ya Peter Cameron Scott, ambaye alifariki Ukambani Desemba 1896, kabla ya kutimiza miaka miwili ya kazi. Baadaye John Stauffacher wa shirika hilo akawafundisha vijana wa Kimaasai, na mmoja wao, Molonket ole Sempele, akasafiri hadi Boydton, Virginia, mwaka 1909 kusoma, akarudi 1912. Kwa hiyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita kulikuwa na Mmaasai aliyevuka bahari kwa ajili ya imani hii na kurudi na maoni yake mwenyewe kuihusu. Upande wa Katoliki, Kajiado na Narok ziko chini ya Jimbo la Ngong, lililopandishwa kuwa dayosisi mwaka 1976, na askofu wake wa kwanza alikuwa Colin Davies wa Shirika la Mill Hill. Biblia nzima katika Kimaa, Biblia Sinyati, ilitoka mwaka 1991.

Kuna historia moja ambayo kila anayekuja anapaswa kuisoma kabla ya kufunga begi. Ng'ambo ya mpaka, Loliondo nchini Tanzania, Padri Vincent Donovan wa Shirika la Roho Mtakatifu alikuta katika miaka ya 1960 misheni yenye shule na hospitali, lakini Wamaasai wazima waliobatizwa na kudumu katika imani hawakuwepo. Aliomba ruhusa ya kwenda boma kwa boma kuzungumza habari za Mungu tu, bila kuleta kitu kingine mkononi, na akaeleza safari hiyo katika kitabu alichokichapisha 1978. Watafiti waliokuja baadaye waliona jambo ambalo mapadri wenyewe hawakulipanga: walielekeza nguvu zao kwa wazee na wanaume, lakini waliojaza kanisa walikuwa wanawake. Hali ni hiyo hiyo ukiingia leo katika ibada nyingi za vijijini Kajiado. Akina mama wamejaa na shanga zao, watoto wako mbele, na wanaume wachache wako karibu na mlango. Mchungaji mgeni huona haya kama tatizo la kutatuliwa haraka. Ningemshauri kwanza awaulize akina mama wenyewe kwa nini wanakuja.

Karatasi kabla ya mahubiri

Kenya haimkatazi mgeni kuhubiri, ila inamtaka awe na kibali. Idhini ya kusafiri ya kielektroniki iliyochukua nafasi ya viza tangu Januari 2024 ni ya kutembea nchini, na haimpi mtu haki ya kufanya kazi, hata kama kazi hiyo hailipwi mshahara. Anayekuja kuhudumu kwa muda mrefu huombewa kibali cha Daraja la I, ambacho sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 imekitenga kwa shughuli za dini na za hisani. Kibali hiki haombi mtu peke yake. Kanisa au shirika lililosajiliwa Kenya ndilo linalomwombea, na ndilo linalobeba jukumu lake. Kwa kazi ya miezi michache iko pasi maalum. Anayekaa zaidi ya siku 90 hujisajili pia na kupata kitambulisho cha mgeni.

Hapa ndipo ushirika wa wenyeji unapopaswa kusimama imara. Kumwombea mtu kibali ni kumdhamini. Kanisa lisitie sahihi kwa sababu askofu alikutana na mtu huyo kwenye mkutano na akampenda. Tangu maafa ya Shakahola mwaka 2023, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, hakuna Mkenya anayeweza kusema kwamba kuuliza maswali kuhusu mhubiri ni ukosefu wa imani. Omba barua ya kanisa lililomtuma. Omba cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi wa nchi yake. Mpigie simu mchungaji aliyefanya naye kazi mwisho, na umwulize alivyoondoka.

Jambo la ardhi nalo liamuliwe mapema. Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Kwa hiyo mmishenari anayesema "nimenunua ekari mbili kwa ajili ya kanisa" lazima aulizwe ekari hizo zimeandikwa kwa jina la nani. Ziwe za wadhamini waliosajiliwa wa kanisa, baada ya upekuzi katika ofisi ya ardhi, idhini ya bodi ya ardhi na ridhaa ya mke wa muuzaji. Ridhaa ya mke si jambo dogo katika kaunti hii. Mashamba ya jamii yaliyoundwa kwa sheria ya 1968 yamegawanywa kuwa vipande vya mtu mmoja mmoja, na familia nyingi ziliuza vipande hivyo na kubaki bila malisho huku mama akisikia habari siku seng'enge inapowekwa. Kanisa lisijengwe juu ya uchungu wa namna hiyo.

Maji

Mvua za Kajiado ni mbili kwa mwaka: za masika, kati ya Machi na Mei, na za vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Kuzunguka Amboseli huweza kunyesha milimita 300 tu kwa mwaka, wakati Vilima vya Ngong na miteremko ya Kilimanjaro hupata zaidi ya 1,000. Katikati hapo, ambako ndiko vijiji vingi viliko, watu wanategemea silanga (mabwawa ya kuchimbwa), mito ya mchanga na visima virefu.

Visima virefu vina tatizo la madini ya floraidi, ambayo katika maeneo mengi ya kaunti hupita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo sababu utaona vijana wenye meno ya kahawia, na kiasi kikizidi kwa miaka mingi mifupa nayo huumia. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua na floraidi inabaki, hivyo yanakuwa makali zaidi. Kwa kunywa, maji ya mvua ya paa la bati ndiyo bora, yakichemshwa au kutiwa dawa. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la kanisa la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 4,000 kwa siku moja. Nimeona makanisa mengi yenye msalaba mzuri juu ya paa na yasiyo na mfereji hata mmoja wa kukinga maji, na jambo hilo huniuma.

Anayetaka kuchimbia kijiji kisima atahitaji uchunguzi wa wataalamu wa maji ya ardhini, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na tathmini ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Kisha apime maji kabla ya kukata utepe. Muhimu kuliko yote, aandikishe makubaliano kuhusu kipande cha ardhi kinachochimbwa. Baada ya ardhi kugawanywa, kisima kilichochimbwa kwa fedha za wafadhili katika shamba la mzee fulani huwa cha mzee huyo, na watoto wake wakija kuuza, kijiji kizima hufungiwa lango. Kamati ya maji iwe na wanawake wenye sauti, kwa kuwa wao ndio wanaobeba mitungi.

Siku yenyewe

Siku ya boma huongozwa na ng'ombe. Alfajiri wanawake wanakamua, na jua likichomoza mifugo inatoka. Kisha kunaanza kazi ya maji na kuni, ambayo wakati wa ukame humeza saa zote za asubuhi. Wazee hukutana kivulini kuzungumza mambo ya ardhi, malisho, mahari na kesi. Jioni mifugo inarudi, na kunakuwa na kukamua tena, kuhesabu kwa macho, kumtafuta mbuzi aliyepotea.

Mmishenari mwenye kalenda ya ofisi hugongana na ratiba hii kila siku. Huitisha mafunzo ya akina mama saa tatu asubuhi, kisha analalamika kwamba wamechelewa. Hawakuchelewa, walikuwa mtoni. Wakati mzuri wa kuketi na wanawake ni baada ya chakula cha mchana, na mzungumzaji awaachilie kabla jua halijaanza kushuka. Kwa wazee, nenda asubuhi watakapokuwa wamekaa, na ukubali kwamba jambo lako litakuja baada ya mengine. Kwanza hutolewa habari: mvua imenyesha wapi, nani mgonjwa, ng'ombe wa nani wamevuka kwenda wapi. Anayekatiza habari ili afike kwenye somo lake atasikilizwa kwa adabu tu, na maneno yake yataishia hapo mtini.

Kwa kuwa ardhi imegawanywa, familia zimetawanyika, kila moja katika kipande chake. Zamani boma moja kubwa liliweza kuwa na familia kadhaa na ziara moja ikatosha. Leo ziara hiyo ni maboma matatu au manne, kila moja na lango lake na mbwa wake. Kwa hiyo ratiba ya haki ni maboma machache kwa siku, na katika kila moja mtu akae hadi chai iive. Naamini kwa dhati kwamba kutembelea maboma mawili vizuri kunajenga kanisa kuliko kupita kumi na mawili ukipiga picha.

Ukame hubadilisha kila kitu. Kati ya 2020 na 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na ng'ombe walikufa kwa wingi katika kaunti nzima. Wakati kama huo wanaume na vijana huhama na mifugo, wengine hadi Tanzania, na ushirika hubaki na akina mama, wazee na watoto. Mmishenari asiseme kanisa limepoa. Awafuate wachungaji wa mifugo wanakopiga kambi, au akae na waliobaki, na ajue kuwa familia iliyopoteza ng'ombe iko msibani. Kisha mvua ikija huja kwa nguvu: mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalizingira watu majumbani hadi Kitengela kwenyewe, na huko ndani udongo mweusi hunata mpaka gurudumu halizunguki. Siku ya mvua usivuke mto wa mchanga kwa kuwa unaona maji ni ya magotini, kwa sababu mvua iliyonyesha mbali juu hufika kwa ghafla. Usiendeshe usiku barabara ya Namanga, ambako malori yasiyo na taa na mifugo barabarani ni jambo la kila siku. Beba gurudumu la akiba, kwa maana mwiba wa mgunga hautoboi mara moja tu.

Salamu, chai na lugha

Mtoto wa Kimaasai humwinamia mkubwa kichwa, na mkubwa humgusa utosini kwa kiganja. Mgeni anayempa mtoto mkono wa kusalimiana, au anayempita bila kumgusa, amemnyima heshima yake. Wanaume husalimiwa "Sopa", nao hujibu "Epa". Mwanamke huambiwa "Takwenya", naye hujibu "Iko". Shukrani ni "Ashe oleng". Mzee akikubariki kwa kukurushia mate kidogo, pokea kama baraka ilivyo. Usihesabu ng'ombe wa mtu wala watoto wake kwa sauti, na usiulize idadi yao.

Kiswahili kitakufikisha sokoni Bissil na kwa chifu, na vijana wengi wanakijua vizuri. Lakini kina mama wengi wa huko ndani huomba, hulia na hukemea kwa Kimaa. Anayekuja kwa miaka miwili na kuendelea ajifunze Kimaa tangu wiki ya kwanza, na kanisa linalompokea limwekee mwalimu na kumpa muda wa kusoma kabla ya kumpa mimbari. Kama unatumia mkalimani, mpe somo jana yake na mkae pamoja. Sentensi ziwe fupi. Mkalimani ndiye anayehubiri siku hiyo, na ukimtendea kama bomba la kupitishia maneno, ndivyo watu watakavyoyapokea.

Chai ya maziwa utaipata kila boma. Kunywa, hata kama ni nusu kikombe. Maziwa mabichi ni jambo jingine: huweza kubeba ugonjwa wa brusela, ambao huleta homa inayorudi rudi na maumivu ya viungo kwa miezi. Omba yachemshwe, na sema kweli kwamba daktari amekuagiza. Wenyeji wanauelewa ugonjwa huo kuliko wewe, maana wanauona katika mifugo yao. Ukichinjiwa mbuzi, kaa ule. Usiondoke na kusema una ziara nyingine.

Pesa

Hapa ndipo urafiki mwingi huharibika, na sioni faida ya kulizungumza kwa kuzunguka. Mgeni anaonekana kuwa na fedha, na kwa kulinganisha anazo. Ataombwa karo, nauli ya hospitali, mchango wa mazishi, bati la nyumba, na baadhi ya maombi hayo yatakuwa ya kweli kabisa. Akikataa yote ni mtu wa moyo mgumu. Akitoa yote kutoka mfuko wake, kwa M-Pesa, usiku, mmoja baada ya mwingine, amejigeuza chifu asiyechaguliwa, na wazee wa kanisa wamepoteza kazi yao.

Njia inayodumu ni kutoa kupitia ushirika, kwa watu wawili wenye kuandika risiti, na kwa utaratibu ambao kanisa lingeufuata hata mgeni asipokuwepo. Karo ilipwe katika akaunti ya shule, isipite mikononi. Harambee ikiitishwa, mmishenari achange kama mmoja wa washirika, si kama mgeni rasmi anayemaliza deni lote na kuwafanya wenzake waone mia zao mbili hazina maana. Asiahidi kamwe jambo linalotegemea wafadhili ambao bado hawajajibu. Ahadi huhesabiwa kama kitu kilichokwisha tolewa, na asipoitimiza, atakayeulizwa baada ya yeye kuondoka ni mchungaji wa hapo.

Mlinzi, dereva na msaidizi wa nyumbani waajiriwe kwa mkataba, walipwe kwa wakati na kukatiwa michango ya kisheria. Yapo manung'uniko mengi ya wafanyakazi waliofanyia watumishi wa Mungu kazi kwa miaka na kuachiwa shukrani tu. Ni aibu, na sheria ya ajira ya 2007 haina msamaha kwa wachungaji.

Watoto na wasichana

Sheria ya 2011 ilipiga marufuku ukeketaji. Anayeufanya hufungwa si chini ya miaka mitatu au hutozwa faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili, na mtu anayejua kwamba umefanyika au unaandaliwa na asitoe taarifa naye ana hatia. Ndoa kabla ya miaka 18 hairuhusiwi. Kitaifa idadi ya wanawake waliokeketwa imeshuka, kutoka asilimia 21 katika utafiti wa afya wa 2014 hadi 15 mwaka 2022, lakini miongoni mwa Wamaasai iko juu zaidi ya hapo.

Kazi ya kuwalinda wasichana ina wenyewe tayari. Shule ya msingi ya wasichana ya AIC mjini Kajiado imewahifadhi wasichana waliokimbia ndoa za mapema, na mwalimu wake mkuu wa zamani, Priscilla Nangurai, Mmaasai mwenyewe, alijulikana nchi nzima kwa kuwatetea. Mmishenari anayeambiwa na msichana kwamba ataozwa mwezi ujao asimfiche nyumbani kwake Kitengela. Kwa kufanya hivyo anaweza kushtakiwa kwa utekaji, na msichana anabaki bila ulinzi wa sheria. Apige 116, simu ya bure ya watoto, au 1195 kwa ukatili wa kijinsia, na ampeleke kwa afisa wa watoto pamoja na mzee au mama wa kanisa anayeijua familia. Baadaye kuna kazi ndefu ya kupatanisha, na hiyo huifanya mwenyeji.

Usifungue nyumba ya watoto. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudishwe katika familia na jamii. Mtoto wa Kajiado aliyefiwa na mama huwa na shangazi, nyanya na ukoo mzima. Fedha za kujenga bweni zingewafikia hao, mtoto angekulia kwao. Vilevile, picha ya mtoto haiwi yako kwa sababu una simu. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi, na mzazi aelezwe picha inakwenda wapi na itaandikwa nini chini yake. Kama maneno yale huwezi kuyasoma mbele ya mama yake, usiyaandike.

Wanaokuja mwishoni mwa wiki

Makanisa ya Nairobi na vyama vya Kikristo vya vyuo vikuu hupenda misheni ya siku chache Kajiado, kwa kuwa ni karibu. Zipo zinazosaidia. Zinazosaidia ni zile zinazorudi mahali pamoja kila mwaka, zinazomwuliza mchungaji wa pale anachohitaji, na zinazokula kilichopikwa na wenyeji kwa fedha zilizotumwa mapema. Kambi za matibabu ziripotiwe katika ofisi ya afya ya kaunti, madaktari wawe na leseni za Kenya, na kila mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari aandikiwe zahanati atakayoendelea nayo. Kumpa mtu vidonge vya wiki mbili kwa ugonjwa wa maisha yote, kisha kupanda basi, hakumponyi.

Ukiacha wageni hao wa siku chache, suala la mwanamume mwenye wake wawili au watatu anayeomba ubatizo litajitokeza mapema kwa kila anayekaa. Kongamano la Lambeth la Waanglikana liliruhusu mwaka 1988 abatizwe pamoja na wake na watoto wake wanaoamini, kwa sharti asioe tena, na asilazimishwe kuwaacha wake zake. Makanisa mengine yana msimamo tofauti. Mgeni asitoe hukumu yake chini ya mti, ampeleke kwa wazee wa kanisa. Kufukuzwa kwa mke wa tatu pamoja na watoto wake wanne kwa sababu ya mahubiri ya mtu mwenye tiketi ya kurudi kwao ni dhambi ambayo hakuna atakayeijibia.

Maneno kwa ushirika unaopokea

Kabla hamjakubali, kaeni kikao muandike majibu ya maswali haya: ametumwa na nani, anakaa muda gani, ataripoti kwa nani hapa, atajifunza Kimaa kwa nani, nyumba na gari vitabaki kwa nani, na nani ataendeleza kazi akiondoka. Mpeni siku ya kupumzika na familia moja ya kumtazama akiugua, kwa sababu upweke huwaangusha wengi kabla ya malaria. Kila mwaka mketi naye mmwambie ukweli, mema na mabaya. Na kibali chake cha Daraja la I pamoja na barua ya kanisa lililomtuma, nakala zake ziwe katika faili ya ushirika kabla hajapanda mimbari Jumapili ya kwanza.